Mtutu haujui greni, unajua urefu

Kuna mdogo wangu mmoja wa Mafinga, si wa tumbo moja ila tumekua wote, wiki kadhaa zilizopita alinitumia picha ya maboksi mawili ya risasi. Za .308 (hicho ni kipenyo kwa inchi), greni 175 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi), shaba tupu, ncha ya plastiki, ndefu nyembamba zimechongoka kama sindano ya daktari wa ng'ombe. Chini kaandika, "Kaka hizi si ndo zile zinafika mbali?" Nikamuuliza, mtutu wako una msokoto gani? Akanijibu, "Msokoto ndo nini tena, si bunduki ni bunduki."

Sikumcheka maana hata mimi nilikaa misimu mitatu kwenye kambi ya uwindaji bila kujua. Nilianza kwa kubeba maji na kuchoma nyama upande wa Rungwa, nikapanda nikawa traka, yule wa kufuata nyayo, mwisho nikawa ndo yule anayesimama na mgeni asubuhi ya kwanza kwenye ubao wa shabaha, kabla hata hajanywa kahawa, kuhakikisha bunduki yake inapiga pale anapoangalia. Ukisimama kwenye ubao miaka kadhaa unaona kila aina ya ujinga wa risasi, wa wageni na wa kwetu, na mwingi unatokana na jambo moja tu, watu wanachagua risasi kwa uzito na kwa maneno ya kwenye boksi, halafu mtutu unawakatalia.

Ngoja nianze chini kabisa, wanaojua wanivumilie.

Gobore la babu lilikuwa bomba laini ndani. Unashindilia baruti, unashindilia goroli au vipande vya chuma, unafyatua, kinachotoka kinaenda kinakojua chenyewe, ndo maana wazee walikuwa wanasogea mpaka wanasikia mnyama anapumua. Raifo haiko hivyo. Ndani ya mtutu wake kuna mifereji imechongwa inajisokota kuanzia nyuma mpaka mdomoni, risasi inapobanwa pale inalazimika kuzunguka, na inatoka nje ikiwa inazunguka bado. Hiyo ndo siri yote ya raifo. Msokoto ni kasi ya huko kujisokota, unaandikwa 1 kwa 10, 1 kwa 12, 1 kwa 8, maana yake kwenye 1 kwa 10 risasi ikitembea inchi 10 ndani ya mtutu imemaliza mzunguko mmoja. Kwa hiyo namba ikiwa ndogo msokoto ni mkali, na hapa watu wanachanganya sana, wanadhani 12 ni zaidi ya 8. Hapana, 8 ndo inazungusha zaidi.

Na mzunguko wenyewe si wa mchezo. Risasi ikitoka kwa mita 853 kwa sekunde kwenye mtutu wa 1 kwa 10 inazunguka zaidi ya mara 200,000 kwa dakika. Lori la mizigo linapolia kupanda mlima Kitonga mpaka abiria wa basi la nyuma wanafunga madirisha, injini yake iko kwenye 2,000 hivi.

Sasa kwa nini izunguke? Kama utotoni ulicheza pia, ile ya mti ya kuzungusha kwa kamba, jibu unalo. Pia ukiisimamisha kwa ncha yake inaanguka hapo hapo, ukiivuta kamba ikazunguka inasimama, ikipunguza kasi inaanza kuyumba kichwa, inachora duara, halafu chali. Risasi ni pia inayoruka. Mshale hauhitaji kuzunguka kwa sababu manyoya yako nyuma, hewa inashika mkia na kuunyoosha. Risasi haina manyoya, na umbo lake ni kinyume, uzito mwingi uko nyuma kwenye kitako lakini hewa inaisukumia mbele karibu na pua, kwa hiyo muda wote hewa inatafuta namna ya kuipindua. Kinachoizuia ni kuzunguka tu, na kadiri risasi inavyokuwa ndefu ndo hewa inavyopata mkono mrefu wa kuipindulia, kama vile kung'oa mti kwa kushika juu na si kwa kushika shinani.

Urefu. Narudia, urefu, sio uzito. Mtutu haujui greni. Sisi tumezoea kusema "mtutu huu unapenda greni 165" kwa sababu zamani risasi zote zilijengwa karibu sawa, ganda la shaba na moyo wa metali ya risasi, kwa hiyo nzito ndo ilikuwa ndefu na ukitaja uzito ulikuwa umetaja urefu bila kujua. Siku hizi hilo limevunjika.

Na Kiswahili chetu hapa kinatuchanganya zaidi, maana risasi ni ile inayopigwa na risasi ni ile metali laini ya kijivu ya kwenye betri za magari. Hizi za shaba tupu ni risasi zisizo na risasi! Shaba ni nyepesi, uzito wake ni karibu mara 8.9 ya maji, wakati risasi metali ni mara 11.3. Kwa hiyo ukitaka greni 175 za shaba tupu kwenye kipenyo kile kile cha .308 huna ujanja, lazima uirefushe. Weka na ncha ya plastiki na kitako kilichochongwa kama cha mtumbwi ili hewa isiivute nyuma, inarefuka tena. Ya mdogo wangu nilipoiona nikamwambia chukua rula, akapima, inchi 1.45. Ile ya greni 168 ya kawaida yenye moyo wa risasi iko kwenye inchi 1.2 na kidogo. Tofauti ya greni saba tu kwenye boksi, ila kwenye mtutu ni wanyama wawili tofauti kabisa.

Kuna hesabu ya zamani unaweza kuifanya kwa kalkuleta ya simu. Aliitoa Mwingereza mmoja, Greenhill, mwaka 1879, alikuwa anafundisha hesabu maofisa wa mizinga kule Woolwich. Chukua kipenyo kwa inchi, kizidishe kwa chenyewe, zidisha kwa 150, gawa kwa urefu wa risasi. Jibu ndo msokoto unaotakiwa. Kwa .308 na risasi ya inchi 1.2 unapata 11.9, yaani 1 kwa 12, na ndo msokoto ambao .308 nyingi za zamani zilitoka nao kiwandani, hawakuotea. Weka inchi 1.45 unapata 9.8, yaani unataka 1 kwa 10 au mkali zaidi. Ni makadirio, ilitengenezwa kwa risasi za metali ya risasi na mwendo wa zama zile, ila kwa kuchuja dukani inatosha kabisa.

Mwaka 2005 Mmarekani Don Miller akatoa hesabu nzuri zaidi inayoingiza uzito, urefu, kipenyo, mwendo na hali ya hewa, ukimaliza inakupa namba moja ya uthabiti. Chini ya 1 risasi inapinduka. Ikiwa 1 na pointi kidogo inaruka lakini inayumba, kwenye ubao inaweza ikakudanganya kwamba iko poa ila inapoteza mwendo njiani kuliko inavyotakiwa. Ikifika 1.5 umetulia. Kalkuleta zake zimejaa mtandaoni, unaingiza namba tu. Hizi 175 za mdogo wangu kwenye mtutu wa 1 kwa 12, usawa wa bahari, zinapata kama 1.06. Kwenye 1 kwa 10 zinapata 1.52. Ncha ya plastiki inafanya hesabu ionekane mbaya kidogo kuliko hali halisi, maana plastiki ni urefu usio na uzito, lakini haiwezi kuivusha 1.06 ikawa salama.

Kama unadhani haya ni mambo ya vitabuni, yaliwahi kuua biashara. Mwaka 1955 Winchester walitoa .243 na Remington wakatoa .244, bunduki karibu pacha, kipenyo kile kile. Winchester wakachonga 1 kwa 10, Remington wakachonga 1 kwa 12 wakifikiria watu watapiga wanyama wadogo waharibifu wa mashambani kwa risasi nyepesi. Wawindaji wakataka bunduki moja ya kila kitu, na greni 100 za swala, .244 ikawa inasuasua nazo. Watu wakahamia .243. Remington wakaja kubadilisha msokoto kuwa 1 kwa 9 na mwaka 1963 wakaibatiza jina jipya, 6mm Remington, lakini wateja walishaondoka. Na upande mwingine kuna 6.5x55 ya Waswidi ya mwaka 1894, wenyewe walichonga mzunguko mmoja kila milimita 200, karibu 1 kwa 7.9, kwa sababu risasi za enzi zile zilikuwa ndefu zenye pua ya mviringo. Leo, zaidi ya miaka 130 baadaye, mtutu wa yule babu unakubali risasi ndefu za kisasa kuliko .270 nyingi zilizochongwa 1 kwa 10 tangu 1925. 6.5 Creedmoor iliyotoka 2007 ina 1 kwa 8, yaani wamerudi kule kule kwa Mswidi.

Sasa njoo kwetu nyanda za juu, hapa ndo pananogea na sijaona watu wanapaongelea.

Hewa ya Mbeya mjini, pale mita 1,700 juu ya bahari, ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Dar. Ukipanda Makete kwenye mita 2,500 ni kama asilimia 22. Hewa nyepesi haina nguvu ya kupindua risasi, kwa hiyo ile namba ya uthabiti inapanda bure bila kugusa bunduki. Zile 1.06 za mdogo wangu zikipigwa Mbeya zinakuwa kama 1.25. Bado hazijatulia, ila kwenye ubao zitafanya mashimo ya duara mazuri tu, utapeana mikono na wenzako na kurudi nyumbani unajisifu.

Yalinikuta. Miaka ile nilikuwa naazimwa .243 ya mzee mmoja, msokoto 1 kwa 10, nikapata kwa mtu risasi za greni 105 ndefu za shabaha, inchi 1.25. Nikazeroo, yaani nikarekebisha bunduki ipige pale ninapolenga, mchana juani nje kidogo ya Mbeya, mita mia, mashimo matatu unafunika kwa kifuniko cha soda. Nikaona nimeula. Wiki mbili mbele tukashuka bonde la Kilombero, chini kabisa, hata mita 300 hazifiki kutoka usawa wa bahari, alfajiri hewa nzito na ya baridi baridi, nikasema ngoja nipige moja kwenye boksi lenye karatasi kuhakikisha. Shimo la kwanza sikuliona. La pili likaonekana pembeni kabisa, na halikuwa shimo la duara, lilikuwa refu, umbo la risasi yenyewe imelala ubavu, unaona mpaka kitako na pua kwenye karatasi kama mtu kaichora. Mwindaji bingwa wetu, yule anayeongoza wageni porini, akaja akaweka kidole kwenye lile tundu, akaniangalia, akasema tu, "Hii umempigia nani, mnyama au dirisha?" Baadaye nilipojua kupiga hizi hesabu nikakuta mchana ule wa Mbeya nilikuwa kwenye 1.15 na alfajiri ile ya bondeni nilikuwa chini ya 1. Bunduki ile ile, boksi lile lile, nilichobadilisha ni mwinuko na saa.

Kwa hiyo sheria yangu, na wabishi wapo, hesabu uthabiti kwa sehemu ya chini kabisa na asubuhi ya baridi kabisa utakayowahi kupiga, sio kwa nyumbani. Ukipata 1.5 pale, huku juu utapata bonasi. Na usijidanganye kwamba risasi itatulia mbele ya safari, mwendo wa kwenda mbele unapungua haraka lakini mzunguko unapungua taratibu sana, kwa hiyo risasi iliyo thabiti inazidi kuwa thabiti, na isiyo thabiti itakuonyesha mapema, kwenye karatasi ya mita 50 tu. Piga karatasi kabla ya kupiga mnyama.

Kuna wanaouliza kwa nini basi tusichonge mitutu yote 1 kwa 7 tukamaliza kesi. Inawezekana karibu kabisa, na viwanda vinaelekea huko. Hasara zake ni ndogo, risasi zenye ganda jembamba za kupigia wanyama wadogo waharibifu zinaweza kupasuka hewani kwa kuzungushwa kupita kiasi, na risasi iliyotengenezwa vibaya, uzito haujakaa katikati, mzunguko mkali unaianika. Lakini mtutu mkali na risasi fupi nzuri wanaelewana, mtutu mvivu na risasi ndefu ndo hawaelewani milele.

Basi, msokoto umeelewa. Ila huo ni mlango tu, swali lenyewe ni risasi inafanya nini ikifika kwa mnyama, na hapa ndo nina ugomvi na mdogo wangu na maneno yake ya "zinafika mbali". Kufika si kazi. Hata jiwe la manati linafika.

Risasi ya kuwindia imetengenezwa ifunguke, pua inakunjuka nyuma kama ua, inapanuka, inakata njia pana kwenye mapafu na moyo, mnyama anaanguka haraka. Kufunguka kunataka mwendo. Risasi nyingi za kawaida zenye moyo wa metali ya risasi zinataka ziwe bado kwenye mita 550 kwa sekunde zinapogusa ngozi. Za shaba tupu ni ngumu zaidi, nyingi zinataka kama 600, japo kuna za kisasa zilizolainishwa pua kwa ajili ya mbali zinafunguka hata chini ya 500. Hiyo namba watengenezaji wanaitoa, itafute, ni muhimu kuliko namba zote zilizoandikwa kwa rangi kwenye boksi. Chukua .308 ya greni 165, inatoka na mita 820 kwa sekunde, ikifika mita 450 iko kwenye 555 hivi kwa hewa ya usawa wa bahari. Maana yake mita 450 ndo mwisho wa hiyo risasi kwa mnyama mkubwa hata kama kwenye ubao unapiga sahani mita 800. Kwa shaba tupu ngumu mwisho uko karibu zaidi, mita 350 huko.

Niliona kwa macho. Mgeni mmoja, mtu mzuri tu, bunduki ya bei mbaya na darubini ya bei mbaya zaidi, tandala dume amesimama ukingoni mwa mbuga wazi, kipima umbali cha leza kikasema mita 480. Mwindaji bingwa alitaka wasogee, jamaa akaomba apige pale pale, akaombwa asogee, akaomba tena. Akapiga. Tukasikia ule mlio wa kugonga nyama, tandala akaruka, akaondoka kama hajaguswa. Masaa manne tunafuata damu, na damu yenyewe tone, hatua kumi na tano, tone, kwenye majani ya miombo yaliyokauka mekundu ambayo kila jani linafanana na damu, jua likatukuta tunatambaa kwa magoti. Tukampata kwenye korongo jioni, kasimama bado, akamaliziwa. Kwenye kuchuna tukaona njia ya ile risasi, imeingia nyuma ya bega, imepita pafu, imetoka upande wa pili, tundu la kuingilia na la kutokea sawa, unapitisha penseli. Haikufunguka kabisa. Ilikuwa shaba tupu ya aina ya zamani ngumu, na kwa umbali ule ilishachoka. Shabaha ilikuwa sahihi, mgeni hakukosea kulenga hata kidogo, na ndo kitu kilichomuuma zaidi usiku ule pale motoni.

Kinyume chake nacho kipo, risasi laini kupita kiasi mnyama akiwa karibu. John Nosler, Mmarekani, mwaka 1946 alienda Kanada kuwinda moose, yule kulungu wao mkubwa kama pofu, risasi zake zikawa zinasambaratika kwenye ngozi iliyojaa matope makavu bila kuingia ndani. Akarudi nyumbani akatengeneza risasi yenye ukuta katikati, mbele inafunguka, nyuma inabaki nzima inaendelea kuchimba, akaiita Partition na kuanzia 1948 akawa anaiuza. Sisi ambao nyati na ngiri wetu wanagaagaa kwenye tope kila siku tunamwelewa huyu mzee bila kutafsiriwa.

Kwa hiyo mimi napanga hivi kichwani, naanza na mnyama. Swala pala na pongo, karibu chochote kizuri kinatosha. Tandala, kongoni, palahala, korongo (yule mnyama, si bonde), hapo nataka risasi iliyofungwa vizuri, ganda limeunganishwa na moyo au shaba tupu, greni 165 mpaka 180 kwenye .30, au 140 mpaka 160 kwenye 7mm. Pofu dume anaweza kupita kilo 800, huyo namtaka karibu na kwa kitu kizito. Nyati usiniambie habari ya mbali kabisa, nyati ni .375 na kuendelea, risasi ya greni 300, mita 80 kushuka, na miti ya kupanda iwe jirani. Halafu nauliza umbali mrefu kabisa ambao kweli nitapiga, kwa miombo yetu ni mita 200 na zaidi ya hapo huoni kitu, kwenye mbuga wazi ndo unaweza kufikiria 300 au 350. Halafu naangalia mwendo utakaobaki pale. Halafu ndo naangalia risasi gani inafunguka kwa mwendo huo. Urefu wake ni upi. Mtutu wangu unaukubali? Watu wengi wanaanza na boksi na kumalizia na mnyama.

Hizi risasi ndefu zilizochongoka faida yake ya kweli ni upepo na mwendo, zinakata hewa vizuri, na hewa ndo mwizi mkubwa. Ile .308 ya greni 165 kwenye mita 400, upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa tu, ule wa kutikisa majani ya mahindi, unaisukuma kama sentimita 40 pembeni, kutoka kwenye moyo mpaka kwenye utumbo. Na ukizeroo mita 200 imeshashuka karibu sentimita 80. Risasi ndefu inapunguza yote hayo, na huku kwetu juu hewa nyepesi inapunguza tena. Lakini isikupe kiburi, kwenye mita 400 risasi inakaa hewani zaidi ya nusu sekunde, mnyama akiinua mguu wakati unafyatua, risasi inamkuta katika hatua nyingine. Hakuna msokoto unaotibu hilo. Na zile za shabaha zenye tundu puani, zinazoshinda mashindano, watengenezaji kama Sierra wenyewe wanasema zao hazikutengenezwa kwa kuwinda, zinaweza kupasuka juu juu au kupita bila kufunguka, ni bahati nasibu.

(Naongelea wenye leseni ya silaha na kibali cha kuwinda mkononi, mnyama na eneo vimeandikwa. Na Ruaha ni hifadhi ya taifa, Kitulo vilevile, sio sehemu ya kwenda kujaribu bunduki. Bila karatasi hizo ni ujangili, hata ukitumia risasi nzuri namna gani.)

Jumamosi mdogo wangu akaja na bunduki yake. Baadhi ya mitutu imeandikwa msokoto ubavuni karibu na kipenyo, yake haikuandikwa, ni ya zamani, rangi ya bluu ya chuma imeshafutika pale pa kushikia. Tukahakikisha chemba, pale inapokaa risasi, iko tupu, mimi nikatazama, yeye akatazama, tukatoa bolti tukaiweka mezani. Nikachukua fimbo ya kusafishia yenye mpini unaozunguka, hii ni lazima, isiyozunguka itakudanganya, nikafunga kitambaa cha mafuta kikabana vizuri, nikasukuma kidogo kiingie kwenye mifereji. Nikafunga karatasi ya gundi kwenye fimbo kama kibendera, kinaangalia juu, nikaweka alama ya kalamu pale fimbo inapoingilia. Nikamwambia sasa sukuma polepole, angalia kibendera. Kikaanza kugeuka, kikaangalia dirishani, kikaangalia chini, kikaangalia ukutani, kikarudi juu. Simama hapo. Alama ya pili. Tukavuta fimbo, tukaweka rula kati ya alama mbili. Tukarudia mara tatu, maana kitambaa kikiteleza kinaharibu.

Inchi 12. Ya pili 11.9, ya tatu 12.

Akakaa kimya. Nikamwonyesha kwenye simu, kwa hizi zako 175 huku juu 1.25, ukishuka bondeni 1.1 kama jua ni kali. Nikamwekea greni 165 zenye moyo wa metali, 1.7 hata usawa wa bahari. Nikamwekea na shaba tupu za greni 150, ambazo ni fupi, 1.39 bahari na 1.6 hapa kwetu, hizo pia atapiga huku juu. Akaniuliza duka litakubali kurudisha? Nikamwambia risasi ukishatoka nazo mlangoni zimeingia kwenye kitabu, jaribu lakini usinitaje.

Hawakukubali. Maboksi mawili yako kabatini kwake, yamefungwa, na sasa anatafuta mtutu wa 1 kwa 10.